Kambi na uvuvi Ziwa Naivasha: mwongozo wa familia, kuanzia hema hadi samaki wa kukaanga

Mara ya kwanza tulipokwenda Naivasha, familia tatu na watoto saba, tuliandika ratiba nzuri kabisa. Asubuhi kulala hadi uchoke, adhuhuri nyama choma, alasiri kuvua, jioni kutembea kando ya maji tukipiga picha. Haikutimia hata moja. Alasiri ndiyo saa ya upepo ziwani, na jioni ndiyo saa ambayo viboko hutoka kula majani. Tulikuwa tumepanga kuvua wakati wa mawimbi na kutembea wakati wa viboko.

Tangu siku hiyo naanza na saa hizo mbili, ndipo napanga mengine yote. Alfajiri hadi kama saa tano, ziwa huwa limetulia: hapo ndipo pa kuvua. Kuanzia saa saba au saa nane mchana upepo huamka: hapo watu wawe nchi kavu, wakila, wakilala, au wakiendesha baiskeli kwenye mbuga jirani ya Hell's Gate. Jua likikaribia kuzama, kila mtu awe upande wa ndani wa uzio. Ukishika hayo, mengine utayarekebisha ukiwa huko huko.

Mwezi gani wa kwenda

Watu wengi wa Nairobi huenda Agosti kwa sababu shule zimefungwa. Nenda, lakini ujue ni baridi. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai na Agosti unaweza kumtoa machozi mtu aliyebeba shuka jepesi akidhani anaenda "Rift Valley kwenye jua". Kiangazi chenyewe ni Januari na Februari, kabla mvua ndefu hazijaanza Machi. Kwa wenye watoto wa shule, mimi huchagua nusu ya pili ya Desemba, mvua fupi zikiwa zimepungua. Kambi hujaa wakati huo, kwa hiyo piga simu wiki tatu au nne mapema.

Ukipiga, usiulize bei tu. Uliza: uzio wa umeme upo, na huwashwa saa ngapi? Kuna askari wa usiku? Maji ya bomba ni ya kunywa? (Mara nyingi jibu ni hapana. Maji ya visima ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, kwa hiyo beba ya kunywa kutoka nyumbani.) Kuni zinauzwa? Boti ni za kambi au za watu wa nje? Na swali ambalo watu husahau: sehemu ya hema iko umbali gani kutoka majini siku hizi? Mwaka 2020 ziwa lilifurika likameza nyasi, vibanda na nyumba za watu, na picha unazoziona mtandaoni zinaweza kuwa za kambi ambayo nusu yake ilizama. Bado utaona migunga iliyokauka imesimama ndani ya maji.

Kufika

Kutoka Nairobi ni kama kilomita 90. Kuna njia ya juu kupitia Limuru na Kinungi, na ya chini kupitia Mai Mahiu. Malori hupenda ya chini, nami hupenda ya juu. Ondoka Ijumaa kabla ya saa nane mchana au Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Katikati ya hapo utakula msongamano. Msio na gari, pandeni matatu hadi mji wa Naivasha, kisha nyingine inayozunguka ziwa upande wa kusini kwa barabara ya Moi South Lake. Nunueni mboga, makaa na barafu mjini kabla ya kupanda hiyo ya pili.

Vitu vya kubeba

Sitakuandikia orodha ya kila kijiko. Vile vinavyosahauliwa ndivyo vinavyoharibu safari, na kwetu vilikuwa vigingi. Shemeji yangu alileta hema zuri la watu sita, likiwa limekunjwa vizuri, na vigingi vyote viko chini ya kitanda chake mtaani Umoja, Nairobi. Tulilishikilia hema hilo kwa mawe na uma za kulia tulizoazima jikoni mwa kambi. Upepo wa saa tisa ulipofika, uma ziling'oka moja moja na hema likalala juu ya mama mkwe wake aliyekuwa amejipumzisha ndani. Mama alicheka. Shemeji hakucheka.

Kwa hiyo: fungua hema sebuleni siku mbili kabla, lisimamishe, hesabu vigingi, nusa kama lina ukungu. Beba turubai moja la kutandika chini na jingine la kivuli cha jikoni. Chini ya mwili weka godoro la sponji au mkeka mnene, kwa sababu baridi ya Naivasha hutoka ardhini. Blanketi mbili kwa kila mtu, soksi na kofia za sufu kwa watoto hata kama mchana wanakimbia vifua wazi. Tochi ya kichwani kwa kila mtu mzima, maana huwezi kuwasha kuni, kushika mtoto na kumulika kwa simu kwa wakati mmoja. Dawa ya mbu, plasta, koleo ndogo (nitaeleza), na mafuta ya kujikinga na jua, kwa sababu majini jua hukuchoma mara mbili, kutoka juu na kutoka chini.

Kwa watu 12 wa siku mbili mimi hubeba unga wa ugali kilo 6, mchele kilo 3, gesi ya kilo 6 yenye jiko lake, debe moja la makaa, na lita 60 za maji ya kunywa na kupikia. Vyakula viingie kwenye ndoo zenye mifuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea iache. Imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Na ukipanga kuingia Hell's Gate, chupa za plastiki za kutupa nazo haziruhusiwi katika hifadhi tangu Juni 2020, basi kila mtu awe na chupa yake ya kujaza.

Kusimamisha kambi

Fika jua likiwa bado juu. Kwanza tazama juu: usilale chini ya tawi kavu la mgunga, hata kama kivuli chake kinakuita. Kisha tazama chini. Ukiona njia pana iliyokanyagwa inayotoka majini, na mavi yaliyotawanywa kama mtu amenyunyiza majani yaliyokatwakatwa, hiyo ni barabara ya kiboko. Sogea.

Mlango wa hema uelekee mbali na upepo. Vigingi vipigwe kwa mshazari, kichwa kikiegemea nje ya hema. Jiko likae hatua kumi kutoka mahema. Ndoo za chakula ziingie garini usiku, na mchana zisiachwe wazi hata kwa dakika moja. Tumbili wa Naivasha wanaijua zipu. Nimemwona mmoja akishuka, akachagua mkate, akauacha mfuko wa ndimu, akapanda nao mtini na kutukodolea macho akiumega kipande kwa kipande.

Kiboko

Hapa sina mzaha. Viboko wa Naivasha huua watu, na wengi wa waliouawa ni wavuvi au watu waliokuwa ufukweni saa ambazo hawakupaswa kuwa hapo. Mchana hukaa majini, giza likiingia hutoka kulisha, na hurudi kabla ya kupambazuka. Dume huzidi kilo 1,500 na nchi kavu hukimbia kuliko wewe.

Watoto wapewe sheria tatu, wazirudie kwa sauti: hakuna kuvuka uzio jua likishakaribia kuzama, hakuna kwenda choo usiku bila mtu mzima mwenye tochi, na hakuna kusimama kati ya kiboko na maji. Hiyo ya tatu ndiyo watu wazima huivunja kwa ajili ya picha. Kiboko akishtuka hukimbilia majini, na ukiwa kwenye njia yake atapita juu yako. Usiku mtawasikia wakikata nyasi ng'ambo ya waya, sauti kama mtu anayerarua kitambaa polepole. Ukiwa ndani ya uzio ni raha kuisikiliza. Kuogelea kusahauliwe kabisa.

Kuvua

Kabla ya ndoana, karatasi. Sheria ya uvuvi ya Kenya ya mwaka 2016 inataka leseni hata kwa anayevua kwa kujifurahisha. Ulizia kambini au ofisi ya uvuvi mjini Naivasha, na uulize pia kama ziwa liko wazi, kwa sababu kuna vipindi linafungwa ili samaki wazaliane. Mwenye boti akikwambia "hakuna shida, twende tu", tafuta mwingine.

Boti pia ikaguliwe. Kila mtu awe na jaketi okozi linalomtosha: la mtu mzima kwa mtoto wa miaka sita humponyoka kichwani akiingia majini. Injini iwashwe mbele yako. Kubaliana bei na muda kabla ya kupanda, na muda huo uanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukishapambazuka vizuri. Safari ile ya kwanza tuliondoka saa nane mchana. Kufika katikati, maji yakabadilika rangi, na nahodha, kijana mpole, akazima injini akatazama anga. "Mkubwa, tukigeuza sasa tutalowa. Tukingoja kidogo, tutalia." Tuligeuza. Tulilowa hadi nguo za ndani, na mwanangu mdogo alitapika chapati mbili.

Samaki unaowatafuta karibu wote ni wageni walioletwa na watu. Besi mdomo-mkubwa aliletwa kutoka Marekani miaka ya 1920 kwa ajili ya wazungu waliopenda kuvua kwa fimbo. Kamba wa maji baridi, wale wekundu wenye makoleo, waliletwa 1970. Tilapia unamjua. Na karpi, mkubwa mwenye magamba mapana na vijindevu viwili kila upande wa mdomo, aliingia mwishoni mwa miaka ya 1990 au karibu na hapo, na sasa amejaa ziwa zima.

Kwa mwanzo na kwa watoto, mfuate tilapia. Anapenda maji ya kina kifupi karibu na mafunjo. Tumia mshipi wa kubeba kilo 4 au 5, ndoana namba 8 (namba ikipanda, ndoana hupungua ukubwa), boya dogo, na chubwi kidogo sentimita 20 juu ya ndoana. Chambo ni nyungunyungu, nusu tu, afunike ncha ya ndoana.

Kwa karpi, panda hadi ndoana namba 4 na uteremshe chambo hadi chini kabisa, maana yeye hula akifukua tope. Chambo chake kiko jikoni mwako. Songa ugali mgumu, mgumu kuliko wa kula, uache upoe, kisha ukande na unga wa ngano kidogo na nyuzi chache za pamba ya dukani. Pamba ndiyo siri: bila hiyo donge huyeyuka kabla halijafika chini. Viringisha ukubwa wa punje ya hindi bichi. Tilapia hudonoa haraka, boya likiruka-ruka. Karpi hufyonza, akatema, akafyonza tena. Boya litatikisika, litalala, kisha litaanza kwenda kama lina safari yake. Hapo ndipo uvute, si kabla. Legeza breki ya gurudumu la fimbo kwanza, kwa sababu wa kilo 3 akishtuka atakukatia mshipi.

Besi ni wa wenye subira na chambo bandia. Hujificha kwenye ile migunga iliyozama, na kila ukirusha vizuri karibu na kisiki, una nafasi sawa ya kunasa besi au kunasa kisiki. Beba chambo bandia tano, utarudi na mbili.

Sasa fundo, kwa sababu samaki wengi hupotea hapo, na lawama hupewa nahodha. Pitisha ncha ya mshipi kwenye tundu la ndoana, vuta sentimita 12. Izungushe ncha hiyo kwenye mshipi mkuu mara tano au sita. Tazama karibu kabisa na tundu: kuna kitanzi kidogo kimebaki wazi. Pitisha ncha humo, na sasa umetengeneza kitanzi kikubwa; irudishe ncha ipite ndani ya hicho kikubwa. Lowesha kwa mate. Usiruke hatua hii, mshipi mkavu hujichoma ukikazwa. Vuta polepole mizunguko ijipange kama springi, kisha kaza, kata mkia ubakize milimita 3. Wafundishe watoto nyumbani kwa uzi wa sufu na ufunguo.

Koleo niliyotaja ni ya kazi mbili. Kabla ya mtoto kugusa ndoana, bana kile kijino kilicho karibu na ncha hadi kilale. Utapoteza samaki mmoja mmoja, lakini ndoana ikiingia kidoleni itatoka ilivyoingia. Ikiingia yenye kijino, usivute. Kata mshipi, funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali mjini. Kazi ya pili ni kutoa ndoana mdomoni mwa samaki. Mdogo unayemrudisha umshike kwa mikono iliyolowa, umtoe haraka, umwache aende.

Vijana wakirusha, mmoja mmoja, na wengine wameketi. Boti ya watu sita wote wakirusha pamoja ni kiwanda cha kutoboa masikio.

Kumpika

Samaki anayebaki auawe mara moja kwa pigo moja juu ya macho, aingie kwenye sanduku la barafu. Kuacha samaki akitapatapa kwenye maji ya chini ya boti kwa saa tatu ni ukatili, na pia nyama hulegea.

Tilapia hana shida: para magamba, toa matumbo na matamvua, mpasue mbavuni mara tatu, chumvi, ndimu, kitunguu saumu, makaa yasiyo na moto mkali.

Karpi ana sifa mbaya kwa sababu ya miiba midogo yenye umbo la herufi Y, na nimewasikia watu wakisema ni samaki wa kulisha paka. Hawajui kumkata. Mpare, mtoe matumbo, mgawe pande mbili kufuata uti. Laza upande mmoja, ngozi chini. Kwa kisu kikali sana mkate mistari iliyobanana, milimita 3 au 4 kati ya mstari na mstari, kutoka mgongoni hadi tumboni, kisu kikifika kwenye ngozi bila kuitoboa. Utasikia miiba ikilia tiki-tiki-tiki chini ya kisu. Sauti ikipotea, umekata juu mno. Paka chumvi, pilipili manga, ndimu na unga wa ngano kidogo, acha dakika 20, kisha ukaange kwenye mafuta mengi yaliyo moto kweli. Mafuta huingia kwenye zile nyufa na miiba huiva hadi ikatafunika. Ugali, sukuma, kachumbari yenye pilipili kichaa, na wale waliosema paka watanyamaza.

Matumbo na magamba usitupe majini wala nyuma ya hema. Ndege aina ya marabu watakuja, na wakishakuja hawaondoki. Yaulizie kambini, nyingi zina shimo.

Na mkikosa? Tumekosa mara nyingi. Ufuo wa Kamere, upande wa kusini, wavuvi hushusha samaki asubuhi. Mtume mtu mzima mmoja mapema, arudi na karpi wa kilo 2, na watoto waambiwe ukweli kuwa amenunuliwa. Mwaka mmoja shemeji alijaribu kusema amemvua mwenyewe, huku samaki bado amefungwa kwenye gazeti.

Mchana wa upepo

Baada ya chakula usiwaache watu wakae bure, hapo ndipo ugomvi wa nani ataosha sufuria huanzia. Hell's Gate ni mbuga unayoruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli, na baiskeli hukodishwa karibu na lango. Wenye magoti mazuri wapande mlima Longonot, mita 2,776, lakini hiyo waianze asubuhi, siku ambayo hawavui. Wazee na watoto wadogo wabaki kambini na karata, au wawatazame tai wavuvi wakishuka majini na kuinuka na samaki kwa mguu mmoja, jambo ambalo baada ya asubuhi nzima ya kukosa linaudhi kidogo.

Kuondoka

Jumapili anzeni kukunja saa nne. Majivu yamwagiwe maji hadi unaweza kuyashika kwa kiganja. Vipande vya mshipi viokotwe vyote, hata vile vya urefu wa kidole, kwa sababu ndege hunaswa miguu. Hesabu vigingi vikiwa bado mkononi mwako, usimwachie shemeji. Mkiwa barabarani kabla ya saa saba, mtapita mlima wa Kinungi kabla haujafunga.

Hema litakuwa na umande hata kama hamkuliona. Ukifika nyumbani usilitupe stoo. Litandaze kwenye kamba za nguo siku hiyo hiyo, na majirani wakiuliza, waambie linakauka.